Kupasuka kwa Umio

Katika somo la Biolojia twafundishwa kwamba umio ni mrija wa nyama upitishao chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimita 25. Mrija huu haumeng'enyi chakula wala haufyonzi kitu, nao mtihani hauulizi mengi juu yake. Mimi nilikuwa nikiupita haraka katika daftari langu ili nifike kwenye ini na figo, ambako maswali ni mengi. Siku hizi siupiti haraka, na sababu yake ni hii ifuatayo.

Mwaka jana, mwezi wa Desemba, nilikuwa nyumbani kwa likizo. Msimu wa korosho ulikuwa ukielekea kwisha, malipo ya mnada yalikuwa yametoka, na kama ilivyo desturi ya sehemu zetu za Mnyambe, palikuwa na uraka kila upande. Kwa wasomaji wasio wa huku kwenye uwanda wa juu wa Makonde, uraka ni pombe ya maji ya mabibo, yaani lile tunda la mkorosho ambalo korosho huning'inia chini yake. Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikunywa tangu adhuhuri pamoja na wenziwe, kisha akala ugali na nyama ya mbuzi akashiba sana. Ilipopata saa 12 jioni akaanza kutapika. Alitapika mara tatu au nne, na mara ya mwisho alijikaza ili asitapike, kwa kuwa wakwe zake walikuwa wameketi uani naye aliona haya. Hapo hapo akapiga ukelele, akashika kifua chini ya titi la kushoto, akaanguka kwa magoti.

Bibi alisema ni kichomi. Jirani mmoja akasema hapana, huyu kawekewa kitu katika pombe, maana fedha za korosho huleta husuda. Neno hilo la sumu likawashika watu wote, ikaamuliwa kwamba atapishwe zaidi. Yakaletwa maziwa, yakaletwa na mafuta ya kula, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nasoma Sayansi, nikapewa kikombe. Mjomba alikataa kwa mkono. Nikamsihi, "Mjomba, kunywa tu, shikamana nacho." Akanywa kwa ajili yangu.

Yale yaliyompata nitayamaliza baadaye. Kwanza nataka kueleza ugonjwa wenyewe, kwa sababu nilipouliza hapa shuleni sikupata hata mwenzangu mmoja aliyekwisha kusikia habari zake, na mwalimu wetu alisema ni nadra mno, hata mganga aweza kufanya kazi maisha yake yote asiuone.

Habari zake za kwanza zilizoandikwa zatoka Uholanzi. Mwanzoni mwa karne ya 18 palikuwa na daktari mashuhuri katika mji wa Leiden, jina lake Herman Boerhaave. Wanafunzi walitoka nchi nyingi za Ulaya kwenda kumsikiliza, maana alifundisha kando ya kitanda cha mgonjwa, si kwa vitabu peke yake. Mwezi wa Oktoba mwaka 1723 aliitwa kwa Baroni Jan van Wassenaer, mkuu wa manowari za Uholanzi. Baroni huyu alipenda chakula, na alikuwa na mazoea ya kunywa dawa ya kujitapisha kila aonapo tumbo zito. Katika vyakula alivyokuwa amekula alikuwamo bata wa kuokwa. Akanywa dawa yake, akatapika kidogo tu. Akanywa tena, akajikamua kwa nguvu, na hapo akapiga kelele kubwa hata watumishi wakaja mbio. Aliwaambia kwamba kitu kimepasuka au kimehama ndani yake karibu na mdomo wa tumbo, na kwamba kifo chake kimefika.

Wakampa mafuta ya zeituni anywe. Boerhaave alipofika alimkuta ameketi, ameinama mbele, ameshikiliwa na watu, maana hakuweza kunyoka wala kulala kwa maumivu. Daktari yule aliyesifiwa Ulaya nzima hakuweza kutambua ni ugonjwa gani, kwa kuwa dalili hazikulingana na ugonjwa wowote aliopata kuuona. Kabla ya siku nzima kwisha Baroni alifariki. Ndipo Boerhaave akaufungua mwili wake. Alipofungua kifua ikatoka harufu ya nyama ya bata, na katika uwazi ulio nje ya mapafu alikuta maji mengi, na juu ya maji yale yakielea mafuta ya zeituni. Umio ulikuwa umepasuka mahali palipo vidole vitatu juu ya kiwambo, yaani ule utando wa nyama utenganishao kifua na tumbo. Mwaka 1724 aliandika habari hizo zote kwa Kilatini, na tangu hapo ugonjwa huitwa kwa jina lake. Jina la Baroni aliyeumwa halikutumika, likatumika la daktari aliyeshindwa kumponya, lakini nadhani ni haki, kwa sababu yeye alikiri wazi kwamba hakujua, akaandika yote kwa ajili ya watakaokuja.

Nilipofika hapo pa mafuta ya zeituni niliweka kitabu chini nikatoka nje.

Sasa tuangalie jinsi mrija huu upasukavyo. Mtu akitapika, misuli ya tumbo na kiwambo hukaza kwa pamoja na kulibana tumbo, na kanieneo ndani yake hupanda sana. Kwa kawaida mlango wa juu wa umio, ule ulio kooni, hufunguka kwa wakati wake na matapishi yakatoka. Lakini ikiwa mlango huo haukufunguka kwa wakati, au mtu amejikaza kuyazuia, yale yanayosukumwa kutoka chini hayana pa kutokea. Tena kumbuka kwamba kanieneo katika uwazi wa kifua ni dogo kidogo kuliko lile la hewa ya nje, ndiyo maana hewa huingia tukivuta pumzi. Basi umio uko mahali pabaya: ndani yake pana msukumo mkubwa, nje yake pana mvuto.

Wenye baiskeli wataelewa upesi. Mpira wa ndani ukijazwa upepo mwingi haupasuki popote tu, hupasuka pale ambapo tairi limechanika na mpira umevimba kama kijipu. Umio nao una pahali pake pa udhaifu, nalo ni upande wa kushoto kwa nyuma, sentimita chache juu ya tumbo, ambapo hauna kiungo kingine cha kuuegemeza. Daktari mmoja aitwaye Mackler alijaza umio za maiti kwa kanieneo akaona kuwa zilipasuka hapo hapo, na mpasuko ulikwenda kwa urefu, si kwa kuzunguka. Habari hizo alizitoa mwaka 1952. Jambo jingine ni kwamba tumbo na utumbo vina utando mwembamba wa nje unaovifunika, bali umio hauna. Kwa hiyo ukishatoboka hakuna cha kuziba, na hata mshipi wa daktari hushika kwa shida katika nyama yake.

Kitokacho hapo ni mate, chakula, tindikali ya tumbo na vijidudu vya mdomoni. Vyote hivyo huingia katikati ya kifua, karibu na moyo, na mara nyingi hupenya hadi uwazi wa pafu la kushoto. Tindikali huunguza, vijidudu huzaana, maji ya mwili hukimbilia kwenye kidonda, na baada ya saa chache mgonjwa hupata homa, moyo hupiga mbio, shinikizo la damu hushuka. Hewa nayo hutoka kwenye tundu ikapanda taratibu hadi shingoni na kukaa chini ya ngozi.

Hewa hiyo ndiyo dalili niipendayo kuisimulia, kwa sababu yatambulika kwa kidole tu, bila chombo. Ngozi ya shingo, au ile iliyo juu ya mtulinga, huonekana imevimba, na ukiibonyeza huhisi kitu kikikatika katika chini ya kidole, kama mtu akanyagaye majani makavu ya mkorosho. Uvimbe wa maji haufanyi hivyo, wala uvimbe wa usaha. Sauti ya mgonjwa nayo hubadilika, akawa kama asemaye puani. Dalili hii pamoja na kutapika na maumivu ya kifua ndizo tatu zitajwazo vitabuni. Ila hapa pana hadhari. Hewa huchukua saa kadhaa kufika shingoni, na wengine haifiki kabisa, kwa hiyo asiyekuwa nayo asidhaniwe kuwa mzima.

Dalili ya kufaa zaidi ni mfuatano wa mambo. Katika ugonjwa huu mtu hutapika kwanza, na maumivu huja papo hapo katikati ya kutapika, makali mno, kifuani au juu ya tumbo, tena yaweza kutokea mgongoni au bega la kushoto. Katika ugonjwa wa moyo kwa kawaida maumivu huanza, na kutapika kukiwapo hufuata. Kichomi cha mapafu huja na homa na kikohozi kwa siku moja au zaidi, hakimwangushi mtu kwa magoti kwa dakika moja. Kidonda cha tumbo kilichotoboka hufanana sana, na tumbo huwa gumu kama ubao, lakini hicho hakihitaji kutapika kwanza. Mgonjwa wa umio huumia zaidi akimeza, huhema juu juu kwa pumzi fupi, na huona nafuu kidogo akiketi ameinama mbele, kama yule Baroni. Tena huona kiu kali, na kiu hiyo ndiyo huwaponza, maana nani atamnyima maji mgonjwa anayeyalilia?

Watu hutazamia damu. Husema, "Kama kitu kimepasuka mbona hatapiki damu?" Jibu ni kwamba katika mpasuko kamili damu yaweza kuwa kidogo au isiwepo. Uko mpasuko mwingine mdogo, wa ngozi ya ndani tu, hapo umio unapokutana na tumbo, ulioelezwa na madaktari Mallory na Weiss wa Marekani mwaka 1929. Huo nao huja kwa kutapika sana, na wenye huo ndio hutapika damu, lakini mara nyingi hupona wenyewe. Basi aliyetapika damu aenda hospitali mbio, na ni vizuri, na yule asiye na damu hata tone huachwa alale mpaka asubuhi.

Walio hatarini zaidi ni wanaume wa umri wa miaka 40 hadi 60, hasa baada ya kula na kunywa pombe kupita kiasi. Lakini si hao tu, kwani imewahi kutokea kwa kuinua mzigo mzito sana, kwa kifafa, kwa kikohozi kikali, hata kwa uchungu wa kuzaa. Nisiwatie wazazi hofu. Watoto hutapika kwa malaria kila mwaka, wala umio zao hazipasuki. Mtu anayetapika au kuharisha bila yale maumivu ya ghafula aendelee kupewa maji ya chumvi na sukari kama tulivyofundishwa, maana upungufu wa maji umeua wengi kuliko ugonjwa huu.

Bali ukimwona mtu aliyetapika akashikwa ghafula na maumivu makali ya kifua, usimpe kitu chochote mdomoni. Wala maji, wala uji, wala maziwa, wala kidonge, wala dawa ya mizizi. Kila kinachomezwa chaweza kwenda kifuani. Akilia kiu, lowesha kitambaa umpake midomoni. Mwache akae vile aonavyo nafuu, usimlaze kwa nguvu, usimkande tumbo, usimchanje chale wala kumpiga chuku juu ya kifua. Kisha apelekwe palipo na daktari wa kupasua, na atakayefuatana naye aseme maneno haya kwa mpangilio: alitapika kwanza, ndipo akaumwa, na saa yenyewe ni saa fulani. Maneno hayo yana thamani kuliko maelezo marefu ya nani alimchukia nani.

Sisi hatukusema hivyo. Tulimpeleka mjomba usiku ule kwa pikipiki, akiwa katikati ya watu wawili, hadi zahanati moja ambayo sitaitaja. Tulisema amekunywa pombe na anaumwa tumbo. Mhudumu aliyekuwa zamu alisema ni vidonda vya tumbo, akampa dawa ya maji ya kutuliza tindikali, anywe mbele yake, akaturudisha nyumbani. Simlaumu sana, kwa kuwa tulimwambia nusu ya habari, na ile nusu tuliyoificha, yaani kumnywesha maziwa na mafuta, tuliificha kwa sababu ya aibu ya lile neno la sumu.

Asubuhi saa 2 mjomba alikuwa na homa na shingo imejaa. Mama alipomgusa amfute jasho akashituka akaniita, "Njoo usikie, ngozi inalia." Tukapata gari la kukodi. Hospitalini yule tabibu alibonyeza shingo mara moja tu, akauliza, "Alitapika?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na nyinyi mkampa nini?" Nikamwambia yote. Picha ya eksirei ilionyesha maji upande wa kushoto wa kifua, na hewa mahali ambapo hewa haipaswi kuwapo. (Nimesoma kuwa katika saa za mwanzo picha yaweza kuonyesha kifua kizuri kabisa, kwa hiyo picha moja safi haitoshi kumrudisha mtu nyumbani. Penye mashine ya siti skani huonekana mapema zaidi, au mgonjwa humezeshwa kidogo dawa maalumu ionekanayo kwenye eksirei, nayo huonekana ikivuja.) Wakamtia ganzi ubavuni, wakaingiza mpira kati ya mbavu mbili, na ncha ya pili wakaitumbukiza katika chupa yenye maji.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kilichotoka kwanza katika mpira ule ni hewa, ikabubujika. Halafu yakatoka maji ya rangi ya chai, na ndani yake vipande vya ugali, na mistari myeupe. Nilijua mistari ile ni nini. Juu ya maji chupani palitanda mafuta.

Tiba ya ugonjwa huu ina mambo makubwa manne, nayo nitaieleza kama nilivyoelezwa na daktari aliyempasua baadaye. La kwanza ni kuufunga mdomo, mgonjwa asile wala asinywe, apewe maji kwa dripu katika mshipa, maana mwili umekwisha poteza mengi. La pili ni dawa za kuua vijidudu vya namna nyingi, kwa sindano, tena mapema. La tatu ni kutoa uchafu kifuani kwa mpira au kwa kufungua kifua na kukiosha, kwa kuwa dawa peke yake haishindi kifua kilichojaa chakula. La nne ni tundu lenyewe. Kama mgonjwa amefika kabla ya saa 24, daktari hufungua kifua upande wa kushoto, hukata nyama iliyokufa, hushona umio kwa tabaka, mara nyingine akaongeza kipande cha msuli wa karibu kama kiraka. Ikiwa amechelewa, nyama huwa imelainika kama mkate uliolowa, nyuzi hazishiki, na hatari ya kufa huongezeka kama maradufu. Siku hizi katika hospitali kubwa kuna na mrija maalumu uingizwao kwa kupitia mdomoni ukafunika tundu kwa ndani. Na wapo wachache ambao tundu lao ni dogo na uchafu haukuenea, hao huweza kutibiwa bila kupasuliwa, chini ya ulinzi mkali. Asiyetibiwa kabisa, karibu kila mara hufa.

Kwa zaidi ya miaka 200 baada ya Baroni hapakuwa na aliyeokolewa kwa kushonwa. Sababu yake si uvivu wa madaktari. Kifua kikifunguliwa pafu hunywea, kwa hiyo lazima mgonjwa aliyelazwa kwa nusu kaputi avutishwe pumzi kwa mpira na mashine, na ufundi huo ulikawia. Dawa nazo hazikuwapo, penisilini ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa mwaka 1941. Hatimaye mwaka 1947 daktari Norman Barrett wa London aliushona umio uliopasuka, na mgonjwa akapona. Kwa kulinganisha na kwetu, Dokta Leader Stirling, ambaye wazee wa Masasi na Newala humkumbuka, alifika huku kutoka Uingereza mwaka 1935 akawapasua wagonjwa katika hospitali ya misheni ya Lulindi, kisha Mnero, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania tangu 1975 hadi 1980. Miaka yake ya kwanza Lulindi ilikuwa kabla ya hayo yote. Mtu kama mjomba angeletwa kwake mwaka 1936, hata mikono hodari namna ile isingekuwa na la kufanya.

Hata leo umbali ni adui. Kutoka vijiji vya Mnyambe mgonjwa aenda Newala, na kutoka Newala huenda akapelekwa Ndanda, au Mtwara kwenye Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, na wengine hadi Muhimbili, Dar es Salaam. Kila kituo chala saa zake. Mjomba alipofikishwa mezani kwa daktari wa kupasua saa 24 zilikuwa zimepita. Umio wake haukushonwa kwa ukamilifu. Kifua kilioshwa, mipira miwili ikaachwa ndani, na mpira mwembamba ukapitishwa kwenye ngozi ya tumbo hadi utumbo mdogo, awe analishwa humo. Kwa wiki saba mama na shangazi walikuwa wakimpa maziwa na uji mwepesi uliochujwa, kidogo kidogo kwa bomba la sindano, wakati yeye mwenyewe alikuwa akitazama bila kuonja. Usaha ulitoka, ukapungua, ukakoma. Wiki ya nane alimezeshwa ile dawa ya eksirei, nayo ilipita bila kuvuja.

Nataka niseme kidogo juu ya kutapishana, kwa kuwa hilo ndilo lililotupoteza, na katika nyumba nyingi za huku ni tiba ya kwanza kwa kila kinachodhaniwa kuwa sumu. Aliyekunywa mafuta ya taa akitapishwa, mafuta huingia mapafuni wakati wa kutapika na kuyaharibu. Aliyekunywa magadi makali ya kutengenezea sabuni, yale huunguza umio yakishuka, na akitapishwa huunguza mara ya pili yakipanda, na umio ulioungua waweza kutoboka. Aliyezimia akinyweshwa kitu hupaliwa. Zaidi ya hayo, huku kwetu kila nyumba ina dawa za mikorosho, salfa ya ubwiriunga na nyingine za maji za kuua wadudu, zikiwekwa mara nyingi katika chupa za soda. Mtu akinywa hizo, chukua chupa au mfuko ulioandikwa jina la dawa uende nao hospitalini pamoja na mgonjwa. Jina lile litamsaidia tabibu kuliko lita nzima ya maziwa. Na kama ni dhana tu ya sumu, kama ilivyokuwa ya jirani yetu, basi ndiyo kabisa. Hospitali haikuona dalili ya sumu yoyote kwa mjomba. Yule jirani na yule aliyeshukiwa kuitia hawajaanza kusalimiana mpaka leo.

Mjomba alirudi nyumbani mwezi wa Machi. Amekonda, ana kovu la kuzunguka ubavu kutoka mgongoni, na hula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, ugali laini na mchuzi, akitafuna kwa muda mrefu hata wenziwe humwacha kwenye sinia. Nilipokwenda kumwona likizo ya katikati ya mwaka alikuwa shambani akipogoa mikorosho kwa mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto bado unavuta akiuinua. Nilimsomea habari za Baroni wa Uholanzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama yule bata alikuwa wa kufuga au wa mwituni. Nikamwambia kitabu hakikusema. Kisha nikamwambia habari za kikombe, kwamba ni mimi. Akajibu kuwa alijua tangu siku ile ni mkono wa nani, na akanipa ruhusa ya kuandika haya ila nisiweke jina lake.